Mayai ya Bi Mkubwa

Mama Kibogoyo alikuwa anashona upindo wa sare ya shule uzi ulipokatika, na cherehani iliponyamaza ndipo akasikia mtu anasaga meno. Sauti ilikuwa ndogo, kavu, yenye subira. Aligeukia tangi kwanza, maana samaki wa mumewe alikuwa na tabia ya kutafuna mawe. Samaki alikuwa ametulia tuli nyuma ya kioo, anamtazama kwa jicho moja. Sauti ilikuwa inatoka kwenye kitanda cha mtoto.

Aliinuka, akainama juu ya mwanawe wa miezi mitano. Mtoto alikuwa usingizini, na taya zake zilikuwa zinakwenda huku na huku. Akamfungua mdomo taratibu kwa kidole. Fizi zilikuwa tupu, laini, zimelowa mate. Sauti ikakoma.

"Unasaga nini wewe, mwanangu?" alinong'ona. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa sebuleni, majirani wanagombana nje juu ya kamba ya kuanikia nguo. Hata hivyo alimbeba mtoto mgongoni na hakumshusha mpaka jioni.

Jina la Kibogoyo lilitoka kwa baba. Yeye ni daktari wa meno, na siku mtoto alipozaliwa alimchungulia mdomoni akasema, "Huyu kibogoyo hana kazi ya kunipa." Watu wakacheka, jina likaganda, na wazazi nao wakalirithi. Baba Kibogoyo alikuwa mtu wa mzaha hivyo, ila si juu ya mambo mawili: mkono wake wa kulia, na tangi lake.

Tangi lilichukua ukuta mzima wa sebule, lita elfu moja na mia mbili za maji ya chumvi, mawe, mchanga na pampu isiyonyamaza. Ndani aliishi samaki mmoja tu, kikande jike mpana kama sinia, mweusi mwenye madoa meupe tumboni na mdomo wa njano. Wenzake aliwamaliza mmoja mmoja. Usiku alijibana kwenye tundu la jiwe, akasimamisha mwiba wa mgongoni, akajifungia humo. Fundi aliyelijenga tangi aliwahi kuwaonyesha siri yake. "Ukimvuta, utavunja jiwe kabla hujamtoa," alisema. "Lakini nyuma ya mwiba mkubwa kuna mdogo. Ubonyeze huo kwa kidole, polepole tu, mkubwa utalala wenyewe."

Kwa kuwa samaki alikuwa mle ndani miaka miwili kabla ya ndoa, Mama Kibogoyo alimwita Bi Mkubwa. "Mimi bi mdogo tu hapa," alikuwa akiwaambia wateja wake wa nguo. "Bi Mkubwa anakula kamba kila siku, mimi nakula maharage."

Alijua sauti ile ya meno ilitoka wapi. Hakutaka kulisema, lakini alijua.

Wiki mbili nyuma, Bi Mkubwa alichimba shimo kwenye mchanga wa kona, akalilinda bila kula. Jumamosi Baba Kibogoyo akaingiza mkono kusafisha kioo, naye akamrukia, akamng'ata kidole cha shahada mpaka mfupani. Cha mkono wa kulia. Alikwenda kushonwa nyuzi sita, akarudi amefura kwa hasira, akachukua kipande cha bati kumzuia samaki upande mmoja na mrija wa kufyonzea uchafu upande wa pili.

Shimoni kulikuwa na donge kubwa kama ngumi, la rangi ya fizi za mtoto.

"Baba Kibogoyo, hayo si mayai?"

"Mayai ya nani? Mwaka wa nne huu hajaona dume. Uchafu tu. Shika ndoo."

Akashika. Mambo mengine yote angeweza kumtupia mumewe, hilo hapana: ndoo aliishika yeye, akaipeleka chooni yeye, akavuta mnyororo yeye. Alipotazama maji yakizunguka aliona ndani ya kila chembe kidoa cheusi, kama jicho. Aliporudi sebuleni Bi Mkubwa alikuwa anagonga kioo kwa paji la uso, na aligonga mpaka magharibi.

Baada ya siku ile ya kusaga meno, mambo yakaongozana. Utosi wa mtoto ukaanza kunuka mwani na kombe la baharini lililooza, hata akitoka kuogeshwa. Asubuhi mto wake ulikuwa na ukoko mweupe, na Mama Kibogoyo alipouonja ulikuwa chumvi. Mtoto akakataa ziwa, akawa ananyonya tu akigeuziwa tangi. Kisha soksi yake moja ikapotea, ikatafutwa nyumba nzima, ikaonekana ndani ya tangi, imezikwa nusu kwenye lile shimo la kona, ilhali mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa baba.

"Umeidondosha wewe nilipokuwa namlisha," Baba Kibogoyo alisema, lakini hakumtazama machoni.

Siku ya tatu, saa sita mchana, aliingia jikoni kuchemsha maji, akakaa huko muda wa kuwasha jiko na kusuuza chupa, si zaidi, na aliporudi mlangoni kitanda cha mtoto hakikuwa pale alipokiacha kando ya cherehani bali kilikuwa kimesogea chumba kizima, kimebanwa kwenye kioo, na mtoto alikuwa amelala ubavu, kiganja kimegandamana na kioo, hapepesi jicho, na ng'ambo ya kiganja kile Bi Mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, anampulizia maji, anapumzika, anampulizia tena, kwa upole ule ule aliokuwa akiyapulizia mayai yake siku zile kabla ya ndoo.

Alikuwa anamlea.

Mama Kibogoyo alipiga yowe, akamnyakua mtoto, akatoka barabarani bila viatu.

Mtu aliyekwenda kumwita ni shangazi yake mwenyewe, mtoa majini wa mtaa wa pili, mama mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi. Watu walimwita Bi Miwani. Alikuja saa kumi jioni, mikono mitupu, akalisogelea tangi, akaweka sikio kwenye kioo. Akakaa hivyo kitambo, huku akimumunya pipi.

"Alikuwa na watoto," alisema hatimaye.

Baba Kibogoyo, kidole kimefungwa bandeji na kimevimba, alicheka kwa pua. "Mayai bila dume, shangazi? Hata wewe?"

"Nani kakwambia hana mume? Wewe umemjua mumewe?" Bi Miwani hakuinua sauti. "Huyu si samaki aliyepandwa na jini, mkwe. Ni jini aliyefanya samaki nyumba yake. Alikuwa hana ugomvi na nyinyi. Sasa anataka mtoto kwa watoto, na ameshaanza kumchukua. Nusu ni wenu, nusu ni wake."

"Tufanyeje, shangazi?" Mama Kibogoyo aliuliza.

"Anataka radhi, na anataka kwao. Kesho asubuhi atatoka mwenyewe tunduni. Mchoteni na maji yake, mpelekeni baharini. Asivutwe. Asiguswe na chuma. Na aliyemwaga ndoo aombe radhi sasa hivi, nikiwa nasikia."

Mama Kibogoyo akapiga magoti juu ya vipande vya kitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Aliona haya, kisha haya ikamtoka. "Nisamehe, Bi Mkubwa," alisema. "Nilijua ni mayai. Nilijua, nikamwaga. Mimi mama mwenzako. Niachie wangu."

Samaki akaja mpaka kwenye kioo, uso kwa uso naye. Walitazamana. Kisha akageuka polepole, akaingia tunduni, na mtoto mgongoni akaanza kulia kwa njaa, kilio cha kawaida cha kitoto ambacho hakikusikika nyumba ile siku nne. Alinyonya mpaka akalala, na utosi wake ulinuka maziwa. Mama Kibogoyo alilia kwa furaha.

Baba Kibogoyo hakulia. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile na daktari mwenzake kwamba kidole huenda kisikunje tena, na kidole kisichokunja hakishiki koleo la meno. Alimtazama mkewe akipiga magoti mbele ya samaki, akatazama bandeji yake, na kilichomchemka moyoni hakikuwa radhi.

Alfajiri, Mama Kibogoyo akiwa bafuni anamwogesha mtoto, alisikia mlio mmoja sebuleni, mkavu, kama kijiti kuvunjwa. Mtoto akakakamaa mikononi mwake.

Alikimbia na maji yakimchuruzika. Mfuniko ulikuwa wazi. Baba Kibogoyo alikuwa amelowa mpaka mabegani, na kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na koleo la kung'olea magego. Bi Mkubwa alikuwa amelala sakafuni juu ya sare ya shule isiyokwisha, mwiba wa mgongo umekatika kwenye shina, mdomo unafunguka na kufumba, halafu haufunguki tena.

"Gego sugu tu," alisema akihema. "Nimeng'oa mengi."

Mama Kibogoyo akachukua simu. Alimpigia simu shangazi yake, akamweleza kwa maneno machache.

"Kwa chuma?" Bi Miwani aliuliza.

"Kwa chuma, shangazi. Ameondoka?"

"Kwenye samaki ameondoka," Bi Miwani alisema, akakata simu. Hakupokea tena.

Siku mbili zilipita shwari. Tangi likamwagwa maji, mawe yakatolewa uani, na Baba Kibogoyo akawa anapiga mluzi. Siku ya tatu, wakati wa chai, mtoto alilialia, na baba akampakata. "Njoo, Kibogoyo wa baba. Au meno yanatoka?" Akaufungua mdomo wa mtoto kwa kidole kile kile chenye bandeji, kwa mazoea ya miaka kumi na tano ya kazi.

Mzaha ukamkauka usoni. Juu yalikuwa manane, chini manane, meupe, yamebanana na kuinamia mbele. Jana wala juzi hayakuwapo. Kabla hajatoa kidole, mtoto alifumba.

Alipiga kelele ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwa mtu. Bandeji ikawa nyekundu. Kadiri alivyovuta, ndivyo taya zilivyozidi kukaza, na mtoto hakuwa analia, alikuwa anamtazama babake kwa jicho moja. "Mtoe! Mama Kibogoyo, nipe koleo! Nipe koleo upesi!"

Mama Kibogoyo alipiga magoti. Mkono wake ulipita nyuma ya mtoto, chini ya fulana, ukapapasa uti wa mgongo. Kati ya mabega ukakuta kitu kigumu kimesimama chini ya ngozi, na nyuma yake kingine, kidogo. Alikumbuka maneno ya fundi. Akaweka kidole pale juu ya kile kidogo, polepole tu. Hakubonyeza.

"Omba radhi kwanza," alisema.

"Nini?"

"Omba radhi, Baba Kibogoyo. Mwenzio niliomba."

"Kwa nani?" alilia, mate na machozi vikimchuruzika. "Niombe kwa nani?"

"Kwa mama yake," alisema, na alipotambua kwamba hakuwa amejitaja yeye, machozi yakaanza kumtoka.