Keria ya Sachangwan

Keria ilikuwa na joto. Nyongesa aliigusa kwa kiganja, akaondoa mkono, akaigusa tena. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka wa hamsini na saba, na baridi ya Nakuru ilikuwa ile inayofanya watu wazungumze huku moshi ukiwatoka mdomoni. Vyuma vingine vyote katika ua wa karakana vilikuwa na umande. Hiki kimoja, kilichokuwa kimelala kivulini tangu jana yake, kilikuwa na joto la kitanda ambacho mtu ametoka kukilalia sasa hivi.

Alikuwa ametumwa kuchagua. Bwana Harding, Mzungu aliyekuwa akipima mvuke unaotoka ardhini kule Olkaria, alikuwa amepata Landrova ndefu yenye paa la bati, na alihitaji keria ya kufunga juu yake, ya kubebea mabomba, hema na madebe ya maji. "Wewe ndiye utakayepakia na wewe ndiye utakayeendesha," alimwambia. "Chagua unayoitaka, halafu uje unieleze sababu." Nyongesa alikuwa ameendesha magari ya Wazungu kwa miaka kumi bila hata mmoja kumuuliza anataka nini. Alilifurahia jambo hilo mpaka mkewe, Nanyama, akamcheka.

Gurdit Singh, fundi mwenye karakana, alimtolea keria tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mbao na vipande vya bati; ingelowa masika moja ikaoza. Ya pili ilikuwa mpya, imepakwa rangi vizuri, lakini vyuma vyake vilikuwa vyembamba na kingo zake ndefu mno, na Nyongesa alijua upepo wa Gilgil unavyoushika mzigo uliokaa juu sana. Ya tatu ndiyo hii yenye joto. Ilikuwa ya bomba nene, kingo fupi, na miguu sita ya kuukamata ukingo wa paa pande zote mbili. Ilitoshea gari kana kwamba imepimwa.

"Hiyo hapana chukua," Gurdit Singh alisema.

"Kwa nini, fundi?"

"Imetoka kwa gari ilianguka mteremko ya Sachangwan. Nguvu iko, nguvu sana. Lakini watu wawili mimi nimefungia, na wote wawili imerudisha."

"Ilivunjika?"

"Hapana vunjika." Fundi alijifuta grisi mikononi kwa tambara. "Wote nasema nzito."

Nyongesa alitabasamu. Chuma ni kizito, kila dereva anajua. "Mimi nachagua hii," alisema, na chuma kikalia tk, mara moja, kama sufuria inapotolewa motoni.

Safari ya kwanza alikwenda na Owino, fundi wa mabomba, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi reli na ambaye hakuwa mwepesi wa kuogopa. Juu hawakuwa wamepakia kitu. Walipoupita mji wa Gilgil, Nyongesa aliona usukani umekuwa mzito. Kwenye kona ya kulia, kitu kilibingirika juu yao kuelekea kushoto, taratibu, kikagota ukingoni. Kwenye kona ya kushoto kikarudi.

"Umefunga nini huko juu?" Owino aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna kitu."

"Basi simama."

Walisimama. Owino alikanyaga gurudumu akachungulia. Keria ilikuwa tupu. Lakini kulikuwa na harufu, harufu ya kamba ya mkonge iliyolowa na ya mtu aliyetoka jasho kwa siku nyingi bila kuoga, na harufu hiyo ilikaa nao garini mpaka Olkaria, ingawa vioo vyote vilikuwa wazi.

Jioni hiyo Nyongesa alichukua spana aitoe keria. Bolti alizozikaza kwa mkono wake mwenyewe siku mbili zilizopita zilikataa. Alizimwagia mafuta ya taa, akazigonga kwa nyundo, akaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Spana ndiyo iliyopinda.

Alimwendea Bwana Harding. Bwana alikwenda akaitazama keria, akaitikisa, akaona imeshika vizuri. "Ina kasoro gani?" Nyongesa alisema tu kwamba ni nzito. "Ulinipa sababu tatu za kuichagua, na zote ni nzuri," Bwana alisema. "Kama huwezi kuchagua keria, nitakuachiaje gari?" Kazi ndiyo iliyompa Nyongesa nyumba pale kambini Olkaria, Nanyama na watoto wawili ndani yake. Katika siku zile za Hali ya Hatari, mtu aliyeonekana barabarani bila kazi na bila barua ya mwajiri hakufika mbali. Akarudi kwenye gari.

Kwa majuma mawili aliendesha hivyo. Mabomba yakipakiwa, gari lilidhoofika kama limebeba mara mbili. Yakishushwa, halikupata nafuu. Alianza kuona paa limeshuka. Kofia yake, ambayo zamani haikugusa kitu, sasa ilisugua bati.

Kisha ikafika Alhamisi moja, saa nane mchana, jua likiwaka. Owino na wengine walikuwa wameshuka na Bwana kutazama shimo jipya, naye Nyongesa akabaki garini awangoje. Upepo ukageuka. Mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye nyufa za mlima ukalielemea gari, mweupe, wenye harufu ya mayai yaliyooza, hata asione tena boneti. Alinyoosha mkono kufungua mlango ili atoke. Kishikio kilikataa. Akajaribu mlango wa pili, nao hivyo hivyo, akasukuma kioo nacho hakikwenda, na ndipo aliposikia bati juu ya kichwa chake likibonyea, kwanza upande wa miguu, halafu katikati, halafu upande wa kichwa, kama vile kitanda kinavyobonyea mtu mzito anapojilaza kwa uangalifu asiamshe wengine, na paa likaendelea kushuka mpaka likamgusa utosini, likamsukuma shingo, akalazimika kuteremka kwenye kiti na kukunja magoti na kulaza shavu juu ya usukani, na bado lilikuwa linashuka, na katika ule weupe hakuona nje wala hakusikia injini wala sauti za wenzake waliokuwa hatua mia tu kutoka pale, ila pumzi, pumzi ya mtu aliyelala kifudifudi na mdomo wake uko upande wa pili wa bati, karibu kabisa na sikio lake.

"Nishushe," sauti ilisema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiswahili chake cha Mkikuyu, na haikuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Nyongesa zaidi.

"Siwezi," alinong'ona. "Bolti zimekataa."

"Nishushe."

"Nikushushe wapi? Ulikuwa unakwenda wapi?"

Pumzi ilikatika. Kisha sauti ikasema polepole, kama mtu anayekumbuka, "Ndabibi. Kwa Wangare."

Mlango ukafunguka wenyewe. Nyongesa akaanguka kwenye majivu ya mlima, akatambaa.

Owino alimsikiliza mpaka mwisho akichokora ardhi kwa kijiti. "Sisi tungesema ni jini," alisema. "Lakini jini hana mke Ndabibi. Sasa umemuuliza, ndugu yangu. Itabidi umpeleke."

"Twende wote."

"Hapana," Owino alisema, akageuza uso. "Mimi nitakuombea."

Jumapili Nyongesa aliomba barua ya kwenda kutafuta viazi Ndabibi. Bwana aliandika kwamba awe amerudi saa kumi na mbili. Si mbali, lakini gari lilipanda njia ile ya vumbi kwa gia ya kwanza, likilalamika, na juu hapakuwa na sauti yoyote.

Kwa Wangare palikuwa nyumba ya mwisho katika safu ya vibanda vya wafanyakazi wa shamba. Mwanamke mwenyewe alikuwa anapepeta maharagwe. Alipoona Landrova alisimama na mikono yake ikashuka, kwa sababu gari la namna hiyo halikuwahi kumletea neno jema.

"Mama, mimi si askari," Nyongesa alisema. "Mimi ni dereva. Nina mtu hapa ameniambia nimlete kwako." Aliona haya kuendelea, lakini akaendelea. "Yuko juu. Haonekani. Nafikiri ni mume wako aliyefia Sachangwan."

Wangare aliweka ungo chini.

"Mume wangu hajafa," alisema. "Gachanja yuko ndani."

Alimwingiza. Kitandani alilala mwanamume mkubwa wa mwili, macho wazi, na mikono yake miwili ilikuwa juu ya kichwa, vifundo vya mikono vimepishana kama vimefungwa pamoja. Hakuna kilichovifunga. Palikuwa na makovu tu, mapana, yamezunguka.

"Askari walimkamata Molo, kwenye shamba la pareto," Wangare alisema. "Ndani ya gari hapakuwa na nafasi. Wakamfunga juu, pamoja na magunia. Gari likapinduka Sachangwan. Baada ya miezi sita wakanirudishia hivi. Namlisha kwa kijiko. Nikimshusha mikono, inarudi." Alikuwa akiongea bila kulia, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi kwa watu wasiosaidia. Kisha akauliza, "Umesema yuko juu?"

Hakungoja jibu. Alitoka, akafunga leso kiunoni, akakanyaga gurudumu, akapanda kwenye keria kama mtu anayepanda mti wa kwao. Alipiga magoti. Nyongesa alimwona akipapasa hewa pale mbele, akainamia kitu, akaanza kufungua fundo kwa kucha, la kwanza, la pili, akitumia na meno, huku akisema maneno ya Kikuyu kwa sauti ile ambayo mama humwitia mtoto aliyelala arudi kitandani kwake. Harufu ya mkonge ilijaa uani. Kisha Wangare alimshika mtu asiyeonekana kwapani, akashuka naye, miguu yake ikitetemeka kwa uzito, akaingia naye ndani.

Nyongesa alisikia kikohozi. Halafu akasikia sauti aliyoijua ikiomba maji.

Alikaa chini, akafuta macho. Kisha alichukua spana mpya, akaiweka kwenye bolti ya kwanza. Haikuzunguka. Alijaribu ya pili. Alikuwa bado anahangaika na ya tatu, akijiambia ni kutu tu, Gachanja alipotokea mlangoni, ameshikwa na mkewe, mikono yake inaning'inia ubavuni kama vitu vya kuazima.

"Dereva," Gachanja alisema. "Mwenzangu ameshuka?"

"Mwenzako nani, mzee?"

"Waliponipandisha nilimkuta amelala pale. Nikafikiri ni mfungwa kama mimi. Akaniuliza, ndugu, tunakwenda wapi? Nikamjibu, nyumbani." Aliitazama keria. "Tangu hapo hakuniachilia. Akikuuliza, usimjibu."

Nyongesa alikuwa na barua inayokwisha saa kumi na mbili, gari ambalo si lake, na mke anayemngoja kambini. Angeweza kuliacha pale, mlangoni kwa Wangare. Alitazama makovu ya Gachanja, akaweka spana chini ya kiti, akaingia. Bati lilibonyea, taratibu. Na kutoka juu, katika Kibukusu safi cha kwao, sauti laini iliuliza, "Ndugu, tunakwenda wapi?"

Aliwasha injini, akafunga mdomo.

Aliendesha Landrova hiyo miaka mitatu zaidi, mpaka Bwana Harding alipoondoka nayo. Pale kambini walimwona mtu mwenye kiburi. Ukimwuliza anaelekea wapi, hata Nanyama akimwuliza, hata watoto, Nyongesa alikuwa akinyoosha kidole tu kuonyesha barabara, na kwanza aliangalia juu.