Kiko Kiko Wapi?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni pale Baraka, Godelieve alifagia uwanja, akateka maji ziwani, kisha akawasha kiko cha koko wake, Pulchérie. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alikuwa mbali, kule Kazimia, kwenye biashara ya samaki. Nyumbani walibaki wawili tu, bibi na mjukuu.

"Kiko iko wapi?" koko aliuliza, kwa sauti iliyochoka hata kabla ya siku kuanza.

"Mwalimu anasema 'kiko kiko wapi', Koko."

"Ee! Mara mbili? Hiyo shule yenu inapenda maneno mingi. Haya, kiko kiko wapi?"

"Kiko hapa."

Godelieve alitia kaa la moto juu ya tumbaku, akavuta mpaka moshi ukashika, akakohoa, kisha akampa. Watoto wengi waliwafanyia wazee wao hivyo, na hakuna aliyeona ubaya.

Lakini kwenye mdomo wa chini wa koko, palepale kiko kilipokaa, palikuwa na kidonda. Kilianza wakati wa kupanda karanga. Sasa karanga zilishavunwa, nacho hakijapona. Koko alikifunika kwa kitambaa na kumwomba Mungu. Kula kulimchosha, hata kusema kulimchosha.

Mwishowe Godelieve alimwongoza mpaka dispensari. Muganga Bonaventure alikitazama kidonda kwa muda mrefu.

"Mama, hiki kinaweza kuwa kansa," alisema. "Kikiachwa kitashuka shingoni, na hapo tutashindwa. Niruhusu nikate kipande kidogo. Waganga wa hospitali kubwa watakipima. Na ukikubali, watakitunza wakisome, wapate kusaidia wengine."

Koko alisimama. "Kipande ya mwili yangu? Batumbula ndio banachukuaka nyama ya bantu!"

Siku zile watu waliwaogopa sana batumbula, ambao ilisemekana waliwakamata watu na kuwala.

Jirani yao Florentine, aliyekuwa akingoja dawa, aliangua kicheko. "Dada, bakule mudomo yako? Inanuka tumbaku, batatapika!"

Wote walicheka isipokuwa koko.

"Kiko chako anakiwasha nani?" Bonaventure aliuliza.

"Mi mwenyewe," koko alijibu upesi. Godelieve alitazama chini, akanyamaza. Walirudi nyumbani polepole, kidonda hakijakatwa.

Kesho yake sauti ileile iliuliza, "Kiko kiko wapi?"

Godelieve alikuwa amekishika. Kwanza aliomba moyoni, kisha akasema, "Koko, jana ulidanganya, na mi nilinyamaza. Ni mi nawashaka. Pale kiko inagusa kidonda yako, mudomo yangu inagusaka pia."

Koko alinyoosha mkono, akaugusa mdomo wa mtoto kwa kidole gumba. Hakukiondoa upesi.

"Twende," alisema. "Bakate, na basome."

Jibu la kipimo lilirudi: ilikuwa kansa, lakini bado ndogo. Koko alipelekwa hospitali kwa lori, akapasuliwa. Alirudi amekonda, mdomo umekunjamana upande mmoja, uji ukimtiririka kidevuni. Lakini kidonda kilikuwa kimeondoka.

Bonaventure alikuja kumwona. Watoto wa jirani walipojaa mlangoni, aliwaambia, "Tumbaku iliuharibu mdomo huu kidogo kidogo, miaka mingi. Msiivute, wala msimwashie mtu. Kidonda kisichopona msikifiche. Kusali ni vizuri, na mimi nasali. Lakini salini huku mnakuja dispensari. Nasi waganga hatujajua yote juu ya kansa. Tunajifunza kwa wagonjwa wanaokubali kutufundisha."

Asubuhi iliyofuata, kaa la moto lilikuwa la kuchemshia uji tu.

"Kiko kiko wapi?" koko aliuliza kwa mazoea.

"Hakiko, Koko. Nilikivunja."

"Na kipande changu kiko wapi?"

"Kiko kwa waganga. Bado wanakisoma."

Koko alifuta kidevu chake, akafikiri.

"Mi sikuingia shule hata siku moja," alisema. "Mudomo yangu imeingia."