Maji ya Betri Si Dawa ya Chunjua

Kila asubuhi fundi alifungua kibanda chake, akapanga betri za magari juu ya benchi, akaanza kuzipima moja moja. Wateja walimwita Chaji. Betri iliyokataliwa kwingine, kwake iliamka. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kibanda. Humo mkewe, fundi cherehani, alishona sare za shule kutwa nzima.

Walikuwa na miaka minne ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Mimba mbili zilitoka zikiwa changa. Mama yake Chaji alikuwa haambiliki. Kila alipowatembelea, alitazama tumbo la mkwewe kabla hajaitikia salamu.

"Mpeleke mkeo akapimwe," alimwambia mwanawe.

Mkewe alikuwa amepimwa mara tatu. Hakuonekana na kasoro. Chaji hakuwahi kupimwa hata mara moja.

"Mimi ni mzima," alisema kila alipoulizwa.

Lakini alikuwa na siri. Tangu kabla ya kuoa, alikuwa na chunjua sehemu za siri. Vilikuwa vinyama vidogo, haviumi wala haviwashi. Sasa vilianza kuongezeka. Aliona aibu kumwambia mtu. Akawaza kifundi: maji makali ya betri hula hata chuma, yatashindwaje na kinyama? Asubuhi moja alichovya pamba katika tindikali hiyo, akajipaka.

Alichokipata anakijua mwenyewe. Ngozi iliungua, ikawa kidonda. Siku tatu alitembea akitanua miguu.

"Umefanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nimeteleza tu."

"Umeteleza ukaangukia wapi?" Mkewe aliacha cherehani. "Sikiliza, mume wangu. Betri mpya ya dukani huiuzi bila kuipima. Wewe nani amekupima? Juzi mama yako ameniambia nikupishe uoe mwingine. Nimechoka. Twende kliniki sote wawili, au mimi naenda kwa dada, na sirudi."

Chaji alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kutishia bure. Wakaenda.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Chaji alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Vua, kijana. Nimeona mengi," daktari alisema. Alipokiona kidonda akauliza, "Nani kakupa dawa hii?"

"Nilijipa mwenyewe. Maji ya betri."

Daktari alivua miwani. "Kwani betri ina ngozi?"

Mkewe alicheka bila kutaka, kisha akaanza kulia.

Daktari aliwakalisha. "Chunjua hizi huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Huambukizwa ngozi kwa ngozi, hasa wakati wa kujamiiana. Wengi wanacho na hawajui. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wengine hubaki. Aina nyingine za kirusi hiki haziotishi chunjua, lakini huweza kuleta saratani, kwa wanawake na kwa wanaume."

"Ndiyo sababu hatupati mtoto?" Chaji aliuliza.

"Siwezi kukuapia. Wengi wenye kirusi hiki wanazaa. Lakini tafiti zinaonyesha kwamba kwa baadhi ya wanaume kirusi huingia kwenye manii na kushikamana na mbegu. Mbegu hupungua mwendo, na huenda mimba nazo zikaharibika mapema. Wataalamu bado wanachunguza. Kwa hiyo tupime manii yako, tusibahatishe."

"Nani alimletea mwenzake?" mkewe aliuliza taratibu.

"Hakuna kipimo cha kujibu hilo. Kirusi kinaweza kukaa kimya miaka. Msitafute mchawi."

Majibu yalitoka. Mbegu zilikuwa za kutosha, lakini nyingi zilizunguka palepale. Chaji aliisoma karatasi mara mbili. Moyo ulimuuma, si kwa ajili yake. Alikumbuka dawa zote chungu za miti shamba ambazo mama yake alikuwa amemnywesha mkewe.

Kidonda kilitibiwa kwanza. Kilipopona, daktari aligandisha chunjua kwa baridi kali, mara nne kwa miezi miwili. "Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna," alionya. "Tunaondoa chunjua, mwili unapambana." Aliwataka watumie kondomu kwa muda, kwa kuwa hupunguza maambukizi ingawa haizuii yote. Chaji aliacha sigara, maana daktari alisema hudhoofisha mbegu. Mkewe alipimwa mlango wa kizazi na kukutwa salama. Daktari aliwaeleza pia kuhusu chanjo. Haiponyi aliyekwisha kuambukizwa, lakini hukinga vizuri wasichana na wavulana wakichanjwa mapema.

Baada ya miezi minane manii yalipimwa tena. Mwendo wa mbegu ulikuwa bora zaidi.

Mwaka uliofuata mkewe alishika mimba. Safari hii ilikaa. Akazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Majirani walijaa nyumbani kumpongeza. Mama yake Chaji alimpakata mjukuu, akatangaza kwa fahari:

"Nilisema mimi! Dawa zangu zimemponya mkwe wangu."

Watu walishangilia. Mkewe aliinamisha kichwa. Chaji angeweza kunyamaza, na heshima yake ingebaki. Alisimama.

"Hapana, mama. Mke wangu hakuwa na kasoro. Mwenye tatizo nilikuwa mimi. Nilikuwa na ugonjwa, nikauficha, nikajiunguza. Nikatibiwa kliniki."

Mama yake alimtazama mwanawe, kisha mkwewe. Akaenda kukaa karibu naye.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Kesho yake wanaume wawili walifika kibandani mapema. Hawakuwa na betri. Walisimama, mmoja akakohoa, mwingine akatazama chini. Mwishowe mmoja akauliza:

"Fundi, yule daktari wako anapatikana siku gani?"