Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kila Jumamosi mjukuu wangu Shiro hufua sare yake, huianika kwenye kamba hapa Makadara, kisha huja kunitegea vitendawili, mimi shosho yake, nikichambua ndengu. Jumamosi hiyo hakuja kutega. Baba yake, mwanangu Wahome, alimwita amjazie fomu kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri.

Fomu ilitoka kwa Sista Millicent, muuguzi wa kliniki. Yeye na wenzake wanatafiti saratani ya kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mwanangu mwingine, Bedan, ankol yake Shiro, alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo.

"Swali la nne," Shiro akasoma. "Mbali na Bedan, kuna mwingine katika familia aliyeugua saratani hii?"

Wahome akavuta sigara. "Andika hakuna."

"Na Guka?" akauliza, akimaanisha babu yake, marehemu mume wangu.

"Guka alikuwa na vidonda vya tumbo. Andika, wacha maswali!"

Shiro akaenda kabatini, akarudi na programu mbili za mazishi, ya Guka na ya Bedan. Akazitupa mezani.

"Zote zinasema 'baada ya kuugua kwa muda mfupi'. Ankol aliugua miezi minane! Mimi ndiye nilikuwa nampelekea uji! Na Guka alikonda, macho yakawa ya manjano kama ya Ankol. Shosho mwenyewe aliniambia. Mnadanganya hata kaburini?"

"Unataka majirani waseme nyumba hii imelaaniwa?" Wahome akafoka.

"Nataka uishi!" Akaitupa kalamu. "Uongo siandiki. Tafuta mwandiko mwingine."

Ndengu zikanimwagika. Hasira ilinipanda, lakini si kwa mtoto. Mimi ndiye niliyeagiza maneno yale yaandikwe, mara zote mbili. Daktari alinitajia ugonjwa wa mume wangu, nikaufunga moyoni, hata Bedan sikumwambia. Labda angepimwa mapema.

"Kitendawili!" nikasema kwa ukali.

"Mama, si sasa!"

"Tega," akasema Shiro huku akilia.

"Tunaye mgeni nyumbani. Hakuna anayemtaja, naye anatumalizia watu."

Shiro akapangusa machozi, Wahome akazima sigara.

"Nipeni mji."

"Chukua Nakuru," Wahome akanong'ona.

"Sina haja na Nakuru leo. Jibu ni saratani ya kongosho. Ndiyo iliyomuua baba yako, Wahome, nami nilikuficha. Shiro, okota kalamu."

Jumatatu, Sista Millicent aliisoma fomu, akamkazia macho Wahome. "Baba na ndugu! Na bado unanuka sigara?" Akaeleza kwamba kuzaliwa katika familia kama yetu si kusema lazima utaugua, ila hatari huongezeka, na sigara huizidisha. Akampeleka kwa daktari. Vipimo havikuonyesha uvimbe, lakini aliambiwa arudi kila mwaka. Pakiti ya sigara ilibaki kwenye pipa la kliniki.

"Bado nina hasira, Shosho," Shiro aliniambia jioni.

"Kuwa nayo. Umeitumia vizuri. Ugonjwa wa familia si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kuuficha mpaka mwingine aumie, kama nilivyofanya mimi. Siku yangu ikifika, programu utaiandika wewe."

"Niandike ukweli?"

"Wote."

"Hata kama ni uzee tu?"

"Hata uzee. Lakini usithubutu kuandika muda mfupi."