Vyuma vya Kungojea

"Mulekera anaita Bulengera. Unanisikia?"

"Ninakusikia. Leta."

"Sukari imeingia Butembo. Magunia kumi na mbili. Iko ndani ya nyumba mupya."

Agar Muyisa alisimama uani, simu ya Thuraya sikioni, antena ikielekea mbinguni. Casio yake ilisema saa moja na dakika ishirini asubuhi.

"Nyumba gani?"

"Kama tulikuwa tunajua, ningekukatisha chai? Ongeza nyumba ya nane kwa liste yako, ile ya Bulengera. Mulango inafunguliwa saa tatu, bageni banakutana kule. Saa ine."

Simu ikakatika.

Sukari ilikuwa dinamiti. Wageni walikuwa wachungaji, masheikh, machifu na makamanda wa pande mbili, waliokubali kukaa chumba kimoja na kutia sahihi ili barabara ya Beni ifunguliwe. Na aliyekuwa anaita kutoka Mulekera, kwenye barabara ya Beni, alikuwa Yassini, mwenye malori saba, mkuu wa idara ndogo isiyo na jina wala ofisi, iliyoanzishwa na watu waliochoka kuzika.

Agar aliingiza bastola ya Makarov chini ya koti. Akavaa kamera ya Nikon shingoni. Mwisho akachukua penseli nyekundu iliyotafunwa upande mmoja, akaichomeka nyuma ya sikio.

Penseli haikuwa yake. Ilikuwa ya Gamaliel.

*

Huo ulikuwa mwaka wa 2002. Vita vilikuwa na miaka minne, na Butembo ilikuwa inajenga.

Watu wa kutoka nje hawakuelewa jambo hilo. Usiku risasi, asubuhi matofali. Ndiyo maana kisingizio cha Agar kilikuwa kizuri: alikuwa anatayarisha kitabu kidogo cha picha, *Nyumba Mpya za Kutembelea Butembo*. Kwa kitabu hicho aliweza kuingia popote, kupima kuta, na kuuliza maswali.

"Kutembelea?" Mlinzi wa nyumba ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Batouriste gani, dada? Bale ba kuvaa kofia ya chuma?"

"Vita itaisha, papa. Batakuya."

"Bakikuya, baambie balete mukate."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na ghorofa nne na vioo vya buluu, roshani zake zikitokeza kama droo zilizosahauliwa wazi. Ya tatu ilikuwa kanisa, paa lake limepanuka kama kitabu kilichofunguliwa. Ya tano ilikuwa soko la nguzo za mviringo, mwanga ukishuka ndani yake kupitia matofali ya kioo na kulala sakafuni kama maji.

Agar alipiga picha. Alipima. Kila ukuta aliugonga kwa penseli, mara tatu.

Ko. Ko. Ko.

Gamaliel ndiye aliyemfundisha. Alikuwa mchora ramani za nyumba, mchumba wake, na mtu pekee aliyewahi kusalimu kuta. "Wabukire," aliuambia ukuta kwa Kinande, akagonga, akasikiliza. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito. Ukuta wenye siri hujibu kama ngoma.

Miezi mitatu iliyopita aliondoka kwenda Beni. Hakufika. Na hakurudi.

Tangu hapo Agar alikuwa anamsikia. Si sauti. Penseli tu, chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta.

Ko. Ko. Ko.

Karibu nyumba zote alizoziona zilikuwa na kitu kimoja. Juu kabisa, katika kila nguzo, vyuma vinne vilichomoza kuelekea angani. Fundi yeyote wa Butembo huviacha hivyo. "Vyuma vya kungojea," Gamaliel aliviita. "Mwenye nyumba hana uwezo wa ghorofa nyingine leo. Lakini ana watoto. Vyuma vinawangojea."

Ya saba ilikuwa mtaa wa Vulamba, nyumba ya mkandarasi Ananie, nusu imejengwa. Fundi wake alikuwa anafunga vyuma vifupi juu ya dirisha. Ncha zake zilikuwa na saruji kavu.

"Chuma ya zamani?" Agar aliuliza.

"Ya Ananie," fundi alijibu kwa fahari. "Chuma muzuri kabisa, mama. Ya Mombasa. Siku hizi hatuione tena."

Nyuma ya nyumba miti ya mikalituse ilisimama bila upepo. Kutoka huko, Agar alisikia.

Ko. Ko. Ko.

Aligeuka. Alitazama. Hakukuwa na mtu.

Saa tatu na dakika tano. Alipanda pikipiki yake ya Yamaha akaondoka.

*

Nyumba ya nane ilikuwa nzuri kupita zote. Hilo lilimuuma, kwa sababu aliichora Gamaliel. Ghorofa tatu za matofali mekundu, ngazi inayozunguka kama ganda la konokono, na ukumbi wa chini wenye madirisha kumi na mawili ili, alisema, waliogombana wasikose mwanga wa kuonana nyuso.

Mlangoni mwanamke mnene alikuwa anapanguza viti kwa hasira. Alikuwa Orpa, mkubwa wa akina mama wa kanisa, aliyeaminiwa chai na viti.

"Miguu!" alifoka. "Nimepiga deki mara mbili. Bakamanda banakuya na mabuti, na weye unakuya na matope!"

"Pole, mama Orpa. Nataka tu picha."

"Piga na miguu ile pale inje."

Agar alivua viatu. Orpa akatabasamu.

Ananie alishuka ngazi akiwa na suti ya kijivu na saa kubwa ya dhahabu. Mtoto wa Butembo, mkandarasi aliyeijenga nyumba hii, sauti ya kwaya.

"Madame wa kitabu! Andika jina yangu vizuri. Na 'ingénieur' mbele yake."

"Nitaandika, ingénieur. Naweza kuona juu?"

Alipanda peke yake. Juu palikuwa na zege tupu na upepo. Agar aliinua kamera ili apige picha nguzo.

Akaishusha.

Nguzo kumi na sita, na hakuna chuma hata kimoja. Vyote vimekatwa sawasawa na zege. Aliinama akagusa. Ncha zilikuwa na kutu nyepesi, ya miezi michache tu.

Nani Butembo anakata vyuma vya kungojea?

Mtu anayejua kwamba hakuna kitakachongojewa.

Na vile vyuma vifupi vya Vulamba, vyenye saruji kwenye ncha. Ananie alikuwa ameambiwa nyumba hii itaanguka, na mkono wa fundi ndani yake ulikataa. Aliweza kuwaacha watu hamsini ndani. Chuma cha Mombasa hakuweza kukiacha.

Saa tatu na nusu.

Alishuka mbio kimyakimya. Depo, chumba cha kuwekea vitu, ilikuwa chini ya ukumbi. Kwenye ramani ya Gamaliel, depo ilikuwa na urefu wa mita sita. Agar alivuta utepe wake wa kupimia wa Stanley. Mita nne na sentimita themanini.

Aligonga ukuta wa mwisho.

Ko. Ko. Ko.

Ukuta ulijibu kama ngoma.

"Unatafuta nini huku, madame?"

Ananie alikuwa amesimama mlangoni.

*

Agar alikuwa na njia mbili. Kupiga kelele: watu wangekimbia, kila upande ungedai mwingine umeutega, na wasingekaa tena chumba kimoja. Au ile nyingine.

Alimpita Ananie, akafunga mlango wa depo kwa ufunguo uliokuwa kwenye kitasa, akautia mfukoni. Makarov ikatoka.

"Keti, ingénieur. Tungoje pamoja."

"Tungoje nini?" Alicheka. "Bitabu bimekupandisha kichwa."

"Nyumba hii ni nguvu?"

"Nguvu sana. Nimejenga miye."

"Basi hakuna wasiwasi."

Aliketi juu ya mfuko wa saruji. Akaweka Casio yake gotini.

Dakika kumi zilipita. Ananie alizungumzia watoto wake, Mungu, bei ya saruji. Dakika ishirini. Jasho lilianza juu ya mdomo. Alitazama saa ya dhahabu, akaacha, akatazama tena.

Nje magari yalifika. Buti zilipita juu ya vichwa vyao. Viti vilikwaruza sakafu. Sauti ya Orpa ikavuka dari: "Kamanda, miguu!"

Saa nne kamili.

"Madame, twende inje. Hewa hakuna huku."

"Hewa iko."

"Una batoto?"

"Hapana. Nilikuwa na mutu tulitaka kuzala naye."

Saa nne na dakika tatu. Ananie alianguka kwa magoti.

"Na robo!" alilia. "Saa ine na robo! Fungua mulango!"

"Vunja ukuta."

"Tutakufa!"

"Basi vunja mbio."

Nyundo ya fundi ilikuwa pembeni. Ananie alipiga kama kichaa, suti ikageuka nyeupe. Tofali la kwanza. La tano. Juu, kwaya ilianza wimbo wa kufungua mkutano, na sauti hamsini zikafunika nyundo.

Shimo lilitosha mtu. Agar aliwasha tochi ya Maglite.

Masanduku kumi na mawili. Betri ya gari. Saa ya mezani. Waya mbili, na kijiti cha shaba cha kulipulia kimechomekwa ndani ya sanduku la katikati.

Saa nne na dakika kumi na moja.

Aliinama juu ya waya. Gizani, karibu kabisa na sikio, alisikia penseli. Taratibu. Bila haraka.

Ko. Ko. Ko.

Akafuata mwendo huo. Alivuta kijiti kwanza, kisha waya wa betri. Saa ya mezani iliendelea kutembea, ikafika na robo, ikalia kama saa ya kumwamsha mwanafunzi.

Hakuna kilichotokea. Kwaya ilikuwa inaimba ubeti wa tatu.

"Ni nani alikulipa?"

"Delvar. Muzungu wa ndege ndogo." Ananie alikuwa ameketi kwenye vumbi. "Barabara ikifunguka, bafanyabiashara habatabeba tena kwa ndege yake. Na zahabu hataipata tena kwa bei yake. Ametoka asubuhi, Land Cruiser mweupe, barabara ya Beni."

Agar alijua swali lililobaki. Alikuwa nalo kwa miezi mitatu.

"Gamaliel."

Ananie hakumtazama. "Aliuliza juu ya chuma. Aliona tunakata, akauliza tu: batoto ba nani habatajenga?"

"Yuko wapi?"

"Vulamba. Chini ya mikalituse, nyuma ya nyumba yangu. Delvar ndiye alipiga. Miye nilichimba tu."

Makarov ilipanda yenyewe mpaka kati ya macho yake. Ilikaa hapo muda mrefu.

Juu, mchungaji alisema amina. Watu wakajibu amina, na mmoja akakohoa.

Agar alishusha bastola.

*

Uani, madereva wawili wa Yassini, waliokuwa wakilinda magari ya wageni, walimpokea Ananie na kumketisha kati yao kwenye gari, kama wanaompeleka hospitali. Hakuna aliyeuliza. Agar aliinua Thuraya.

"Bulengera anaita Mulekera. Sukari nimeipata. Haina moto tena."

"Bageni?"

"Banakunywa chai. Delvar yuko njiani kwako."

"Oh, ule?" Yassini alicheka polepole. "Nani anakimbia Butembo siku ya sahihi? Amefika zamani. Lori zangu mbili zimeharibika katikati ya barabara. Moja mbele yake, moja nyuma yake. Bahati mubaya sana." Kisha sauti ikabadilika. "Na mutu wako, binti yangu?"

"Nimemupata pia."

"Inna lillahi," Yassini alisema kwa upole. "Nitaleta sanda na watu. Usichimbe peke yako."

Orpa alitoka na birika. Alimwona Agar mweupe kwa vumbi toka kichwani mpaka kwenye nyayo.

"Kumbe unatoka wapi hivyo? Banatia sahihi, weye unacheza mu saruji!"

"Mama Orpa, mkutano ukiisha, tafuta mafundi. Baende Vulamba, kwa Ananie, barudishe vyuma vifupi vilivyokatwa hapa. Bavifunge juu, nguzo zote kumi na sita."

"Leo?"

"Leo."

Orpa alimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakufoka. "Wasingya, mwanangu," alisema, ingawa hakujua anashukuru nini.

Agar alivaa viatu. Alifungua daftari lake akaandika: *Nyumba ya nane, Bulengera. Mchoraji: Gamaliel. Mgeni aitembelee asubuhi, wakati wa mwanga, na kabla ya kuingia atazame juu.*

Aliisogelea nguzo ya mlangoni. Akaigonga kwa penseli nyekundu, mara tatu, akatega sikio.

Ilijibu kwa sauti nzito. Nzima.

Alirudisha penseli nyuma ya sikio, akawasha Yamaha kwa teke, akaelekea Vulamba.