Jalada la Kitabu cha Mama

Mtu wa tatu naye alikataa kazi. Moza, mwalimu wa shule ya msingi Nachingwea, alisoma ujumbe wake akiwa nje ya darasa, chaki mkononi. Wa kwanza, Eliudi, alisingizia kompyuta mbovu. Wa pili alizima simu tu. Huyu angalau alisema kweli: kila akimaliza kutengeneza jalada, mwanamke ambaye yeye hakumchora anakuwa amesimama pembeni, amegeuza mgongo.

Moza alikuwa amechoka. Kitabu kile alikiandika miaka sita, kila siku akishamaliza kusahihisha madaftari. Kilimhusu mama yake, ambaye watu wa kijijini kwao Mkotokuyana walimwita mchawi mpaka anaingia kaburini, kumbe alikuwa na jini. Moza aliandika yote. Hata jina la jini, ambalo mama alimkataza kulitaja, aliliandika. Alitaka wasome, waone haya.

Jumamosi alipanda gari hadi Ruangwa kwa Biasha, mwenye duka la stesheneri karibu na stendi, anayepiga picha za paspoti na kudizaini kadi za harusi. Hakumficha kitu. Biasha alimsikiliza mpaka mwisho, akasema yeye ameshaona mengi na kazi ni kazi.

Akachora kwenye kompyuta shamba la mikorosho lenye njia nyeupe katikati. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, mlango wazi. Duka likaanza kunuka maganda ya korosho yanayoungua, ingawa hapakuwa na moto popote. Printa ikawaka yenyewe. Karatasi ya kwanza ikatoka na shamba na njia. Ya pili ikatoka na mwanamke kule mwisho wa njia, mgongo tu. Ya tatu na ya nne na kila iliyofuata mwanamke akawa amesogea, Biasha akachomoa waya ukutani na karatasi zikaendelea kutoka vilevile, harufu ikiwakaba koo, mpaka ikatoka moja iliyojaa kisogo na mistari ya nywele zilizosukwa, na kichwa kile kilikuwa kimeanza kugeuka.

"Mwalimu," Biasha alinong'ona, "anaitwa nani huyu?"

"Usiniulize."

Mzee Bwanali, anayewasomea wagonjwa dua huko Matambarale, aliletwa alasiri kwa bodaboda. Alisoma, akafukiza ubani, kisha akauliza kama jina limo kitabuni, na ni mara ngapi. Moza aliliandika kwenye kompyuta bila kulitamka, Biasha akalitafuta kwenye faili la kitabu, akasema mara kumi na moja.

"Basi mmemwita mara kumi na moja," mzee alisema. "Futeni."

Biasha alifuta, na harufu ikakata.

Kitabu kilitoka na jalada la kijani tupu, maandishi peke yake. Mkotokuyana walikisoma. Scholastika, jirani aliyewahi kuwakataza wanawe wasile kwa kina Moza, alikuja mpaka Nachingwea kuomba radhi kwa yote aliyotendewa marehemu. Moza alikuwa ameisubiri siku ile miaka mingi. Ilipofika alimkaribisha chai, na alichotamani ni kulala tu.

Wiki ya tatu baada ya kitabu kutoka, Biasha alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hata kuogopa kumemshinda. Alieleza kwamba kila picha ya paspoti anayopiga inatoka na mtu nyuma ya mteja, amegeuza mgongo. Wateja wamekimbia. Mzee Bwanali amekuja mara mbili, na mara ya pili alisema hana la kufanya zaidi.

"Jana amegeuka," Biasha alisema. "Nimemwona uso. Mwalimu, anafanana na wewe."

Moza hakuhitaji kuiona picha. Ule haukuwa uso wake. Ulikuwa wa mama.

Kesho yake aliomba ruhusa shuleni, akapanda gari la asubuhi. Biasha alimpokea kwa shikamoo ya chini chini, akabaki mlangoni. Moza aliingia peke yake, akalitaja lile jina la jini mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita ndugu yake aliyekaa sana kwa watu.

"Twende nyumbani," alisema. "Huyu binti hana kosa."

Maganda ya korosho yakanuka kidogo, yakaacha. Biasha alijipiga picha palepale. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

Moza alirudi Nachingwea alasiri, akafagia uwanja, akawasha jiko. Alikuwa akiishi peke yake, huu mwaka wa tisa sasa. Alipima unga wa watu wawili, akabandika maji.