Rebeka na Namba Zilizoshuka

Kila asubuhi wakati wa likizo, Rebeka alifagia uwanja wa nyumba yao ya Mkolani, akaosha vyombo, kisha akaingia sebuleni kumsaidia shangazi yake. Shangazi Suzana alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea mawasiliano. Alikuja likizo na kifaa cha kurushia mawimbi mafupi sana, ya milimita chache tu, pamoja na simu ya majaribio ya kuyapokea. Alichokuwa anakitafuta hakumwambia Rebeka, asije akaandika ya kumfurahisha.

"Weka simu kwenye kigoda, andika namba daftarini," alimwelekeza. "Kisha ishike mkononi, andika. Halafu kipe kifaa mgongo, simu ikiwa kifuani, andika tena. Namba ikiwa kubwa, ujue mawimbi yana nguvu. Mimi niko jikoni."

Kwenye kigoda, simu ilionyesha themanini. Rebeka alipoishika, ikashuka hadi thelathini. Alipogeuka, ikabaki sita. Alirudia mara tatu, ikawa vile vile.

Tangu mtumbwi wa baba yake ulipozama naye ziwani karibu na Kigongo mwaka uliopita, wenzake bombani walimwita nuksi. Yeremia, mtoto wa jirani, hakutaka hata ndoo zao zigusane. Watu wana midomo jamani, na mtoto akiambiwa neno kila siku huishia kuliamini. "Hata simu imenikataa," Rebeka aliwaza, akalia kimya kimya. Kisha, ili Shangazi asijue, akaandika: themanini, sabini na tisa, themanini. Kwa siku nne aliandika hivyo.

Siku ya tano, Shangazi alilifungua daftari. Alisoma, akakaa sakafuni kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Inajulikana kwamba mwili huzuia mawimbi haya," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuwa napima huzuia kiasi gani. Kama hapa haukuzuia kitu, basi kifaa changu ni kibovu, na vipimo vyangu vyote vya miezi minane ni vya kutupa. Ripoti inatakiwa kesho kutwa. Mwaka huu sihitimu."

Alijifunika uso kwa khanga. Rebeka hakuweza kuvumilia.

"Shangazi, nimekudanganya. Nikiishika mimi, namba inashuka. Mimi ni nuksi. Hata baba..."

Shangazi alijifunua uso. Kisha akainuka, akaitoa simu kwenye kigoda, akaishika mwenyewe. Ishirini na nane. Akageuka. Tano.

"Na mimi ni nuksi?"

"Hapana, Shangazi."

"Mwili wa kila mtu umejaa maji, na mawimbi mafupi hivi hayapenyi. Kifaa ni kizima. Na baba yako alizama kwa sababu ya dhoruba, Rebeka. Hukumfanya chochote."

Rebeka alilia mpaka kwikwi zikamshika. Walipima upya siku ile yote, na kesho yake ripoti ikakamilika.

"Andika ulichokiona, hata kama kinakuuma," Shangazi alimwambia akifunga daftari. "Mimi ningepoteza mwaka. Lakini wewe, mwanangu, ungeniambia ukweli siku ya kwanza, usingejichukia siku nne peke yako."